Meza ya Vifuniko vya Soda

Ile vita ya angani ya Waingereza na Wajerumani mimi niliisomea Guangzhou, kule China, nimekaa juu ya bale la suruali za jinzi, viatu miguuni, mwezi wa saba, joto la kuivisha yai mfukoni. Shuleni kwetu nilifika darasa la saba nikaishia hapo, na somo la historia liliishia kabla yangu, mwalimu alipohamishwa. Kuhusu ndege nilijua kwamba zinapanda, zinashuka, na chakula chake kinakuja na kitambaa cha kujifutia. Yaliyobaki yote nilifundishwa na Mjomba.

Mjomba hakuwa mjomba wangu. Alikuwa mzee wa miaka hamsini hivi, mtu wa Bukoba, ananunua simu na chaja anapeleka nyumbani. Kila Mtanzania pale Xiaobei, mtaa wa Waafrika, alimwita Mjomba kwa sababu alikuwa na sauti ya mtu anayegawa nyama. Tulikaa watatu, ghorofa ya nane: Mjomba chumba cha mbele, Dada chumba kidogo cha nyuma chenye bafu lake, na mimi sebuleni juu ya mizigo ya watu. Kazi yangu ilikuwa kuongoza wateja wanaotoka nyumbani. Nawapeleka Zhanxi kwa nguo na viatu, Yide Lu kwa midoli na madaftari, nawasemea kwa Kichina changu cha kuokoteza. Mteja akiniambia, "Mwambie huyu ni mwizi," mimi namgeukia laobani, yaani mwenye duka, namwambia mteja ameipenda sana bidhaa yake ila bei inamuumiza kichwa. Kila mtu anacheka, tunanunua, tunaondoka. Mdomo ndio ulikuwa cheti changu.

Mwaka huo ulikuwa wa Olimpiki. Nchi nzima ilikuwa inafagia uwanja kabla ya wageni kufika, na sisi tukajikuta upande wa takataka. Viza zikaanza kutoka fupi kama risiti. Polisi wakawa wanashuka Xiaobei mchana kweupe, wanaziba lile daraja la waenda kwa miguu huku na huku, halafu wanapita katikati: "Hujao! Hujao!" Yaani pasipoti, wanaitaka. Asiye nayo anapanda basi dogo, na nafasi ya dirishani hachagui.

Mimi yangu nilikuwa nayo, na viza bado ina pumzi. Mjomba hivyo hivyo. Dada hakuwa nayo.

Dada alikuwa mfanyabiashara wa Moshi, mama mjane mwenye watoto wanne, ananunua nguo nyeupe za komunyo ya kwanza na za wasimamizi wa harusi. Duka lake kule nyumbani lilisimama kwa hizo safari zake tu. Viza ilipokaribia kuisha akampa wakala pasipoti ikaongezewe muda. Wakala akasema siku tisa. Kwa hizo siku tisa Dada alibaki na fotokopi na kikaratasi cha wakala ambacho hata mimi, mtu wa darasa la saba, nilikiona hakina nguvu. Akishikwa bila pasipoti ni mahabusu, kisha ndege ya kurudishwa, na kuingia tena China angebaki kusikia tu kwa wenzake. Hiyo ndiyo hatari iliyokuwepo. Siku tisa asionekane na polisi.

"Siku tisa ni nini?" akasema siku ya kwanza, anakunja vigauni. "Mtoto wangu wa pili nilimpigania leba siku mbili."

"Dada, kule leba polisi hawakuwa wanapita."

"Nyamaza we mtoto. Leta sindano."

Siku mbili za kwanza zilitumaliza. Kila uvumi ulikuwa wetu. Mtu anapita kwenye ngazi anasema wako metro, tunamtorosha Dada kwa ngazi za nyuma mpaka ghala la kago mtaa wa pili. Hatujakaa, mwingine anasema wanakuja ghalani, tunamrudisha. Ghorofa nane kwa miguu, maana lifti ina kamera. Siku ya pili tulipanda na kushuka mara tano na polisi hata mmoja hatukumwona. Dada miguu ikavimba, akakaa kwenye ngazi ya ghorofa ya sita akavua viatu, akasema yeye hapandi tena, wakija waje na machela.

Ndipo Mjomba akaleta ile diski.

Aliinunua siku nyingi kwa mchuuzi wa njiani, na ilikuwa diski pekee isiyokwama ndani ya nyumba. Filamu za ngumi zote zilikuwa zinakwama pale pale ngumi inapotaka kufika. Hii ilikuwa picha za zamani, nyeusi na nyeupe, Mwingereza anasimulia na maandishi ya Kichina chini. Mjomba alikuwa na Kiingereza, akawa anatutafsiria huku sisi tumekaa mabegani mwa mizigo kama kuku.

"Waingereza wamebaki peke yao," akasema. "Ufaransa imeshachukuliwa. Mjerumani yuko ng'ambo ya maji, anakusanya mashua za kuvusha jeshi. Ila hawezi kuvuka kama anga si yake. Kwa hiyo kwanza anataka amalize ndege za Mwingereza."

"Mjerumani huyu huyu aliyetutawala sisi?" nikauliza.

"Huyo huyo, na aliyemfuata kututawala ndiye huyu Mwingereza. Tulia. Sasa, Mwingereza ndege anazo chache, marubani wachache zaidi. Vijana wa umri wako huu."

"Darasa la saba?"

"Baba, mzibe mdomo tusikie," Dada akamwambia Mjomba, miguu yake ndani ya beseni la maji ya chumvi.

Nilitegemea kuona ndege zinakimbizana, na kweli zilikuwepo, moshi na milio. Lakini Mjomba zile hakuzijali. Ikifika sehemu moja alikuwa anasimamisha kwa rimoti, anasogea mpaka pua inagusa kioo. Ni chumba. Katikati kuna meza kubwa yenye ramani, na wasichana wa kijeshi wamesimama kuizunguka, kila mmoja ana fimbo ndefu na kidude masikioni. Wanasikiliza simu, wanasukuma vibao vidogo juu ya ramani. Juu kwenye kibaraza wamekaa wakubwa, wanatazama chini.

"Hapo," Mjomba akasema. "Mwingereza alishindia vita hapo. Ndege haikai hewani kumsubiri adui, mafuta yataisha, rubani atasinzia. Inakaa chini. Minara ya rada pwani inaona wanaokuja, inapiga simu. Watu wenye darubini wako juu ya vilima, wanapiga simu. Habari zote zinaingia hapa, zinachujwa, zinawekwa mezani. Mkubwa anatazama, anatuma ndege kumi na mbili, zilizobaki zinapumzika. Sisi jana na leo tumefanya nini?"

Dada akatikisa maji kwenye beseni.

"Tumekaa hewani siku mbili," Mjomba akasema.

Basi siku ya tatu tukatengeneza meza. Tulifungua boksi la televisheni tukalilaza sakafuni, na mimi kwa makapeni ya kuandikia mizigo nikachora Xiaobei yote: daraja, mlango wa metro, mtaa wa nyuma, ghala la kago, jengo letu. Vifuniko vyekundu vya soda vikawa polisi. Vya rangi ya chungwa vikawa sisi. Kimoja cheupe, cha chupa ya maji, kikawa Dada. Darubini zetu zilikuwa mbili. Wa kwanza alikuwa msusi mmoja, mama wa Kikongo, anayesukia wateja kwenye kiti chini ya daraja na asiyepitwa na kitu. Wa pili mshkaji wangu, mfunga mizigo, anayefanya kazi mbele ya metro. Simu zenyewe tukazifanya kwa kubipu, kama Mswahili yeyote mwenye akili. Bipu moja, polisi wako darajani. Mbili, metro. Tatu, wameingia mtaa wetu. Hakuna kupokea.

Mimi nikapewa fimbo. Ilikuwa ya kuanikia nguo.

"Nivae na sketi kama wale wasichana?" nikauliza.

"Ukivaa sketi polisi watakimbia wenyewe," Dada akasema, na Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Nadhani ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kucheka wote watatu kwa pamoja.

Meza ilifanya kazi, nisiseme uongo. Siku ya nne simu ikalia bipu mbili, baadaye moja, baadaye tatu. Nikasukuma kifuniko chekundu toka metro mpaka daraja mpaka mtaa wetu, na hakuna aliyekimbia. Tulikuwa na dakika kumi nzima. Dada aliingia chumbani kwake, mimi na Mjomba tukapanga mabale mbele ya mlango mpaka juu, ukuta mtupu wa jinzi. Polisi walipogonga nikafungua, nikawapa pasipoti mbili, wakatazama sura, wakatazama mabale, wakaondoka. Mmoja hata aliuliza suruali zinauzwaje.

Lakini meza haikuondoa uchovu. Iliubadilisha tu, ukatoka miguuni ukahamia machoni. Kwenye diski kuna mahali wanaonyesha marubani wakisubiri: wamelala kwenye viti vya kukunja nje kwenye majani, mabuti miguuni, midomo wazi, na simu iko mezani karibu yao. Mjomba alisema wengine wakisikia kengele ya simu tu, hata iwe ya kuambiwa chai tayari, walikuwa wanatapika. Mimi nilicheka. Kufika siku ya sita simu yangu ikitetemeka tu, mkono wangu uko kwenye fimbo. Mama yangu alibipu kutoka Mwanza kunisalimia, nikasukuma kifuniko chekundu mpaka darajani kabla sijatazama namba.

Nililala na viatu. Wateja niliwaambia naumwa. Mjomba akawa anasinzia kwenye kiti, kidevu kifuani, akiamka anauliza, "Wako wapi?" nami namjibu, "Hakuna kitu, Mjomba," anasinzia tena. Dada ndiye ambaye hakulalamika. Alikaa chumbani anashona vifungo vya lulu vilivyokatika, anafua, anapika. Jioni anakuja kutazama meza, anakigusa kile kifuniko cheupe kwa kidole, anarudi ndani.

Sasa nimlete mlinzi.

Chini ya jengo kwenye lifti alikaa mlinzi wa Kichina, mzee mwembamba, chupa yake ya chai mkononi mchana kutwa. Tulimwita shifu, ndivyo wanavyomwita fundi au mtu mzima wa kazi. Hakuwa mtu wa Guangzhou. Alitoka mkoa wa mbali, na mara moja alinionyesha kadi yake ya ukaazi wa muda, akaigonga kwa kucha akacheka, kama anayesema mimi na wewe ni walewale. Miezi mingi kabla ya mambo haya nilikuwa nimemfundisha hodi. Ulikuwa utani wangu tu. Alikuwa anatuletea barua za kodi ya maji na chupa kubwa za maji ya kunywa, na anagonga mlango kama anabomoa. Nikamwambia, shifu, kwetu mtu wa heshima hagongi hivyo. Anasimama, anasema "hodi". Aliye ndani lazima aseme "karibu". Asipojibiwa, anarudi zake.

Alikipenda kitu hicho sijapata kuona. Akawa analiimba, "Ho-di," sauti inapanda inashuka. Na aliyekuwa anamjibu ni Dada, maana jikoni kuko karibu na mlango. "Karibuu, shifu!" Anamfungulia, anampa maandazi mawili kwenye karatasi. Ikawa hivyo kila mara. Majirani Wachina wakawa wanatoka kutazama mzee wao anaongea Kiafrika. Mimi nilijisifu mtaa mzima kwamba nimefungua shule.

Siku ya nane ilikuwa kimya tangu asubuhi. Simu haikulia. Msusi yuko kwenye kiti chake, mshkaji yuko metro, vifuniko vyekundu vyote vimelala pembeni ya boksi. Wakala alikuwa ameshapiga simu: pasipoti iko tayari, kesho saa nne nikaichukue. Dada alisikia, akaenda akabandika maharage na kuingia bafuni kufua. Tulimsikia anaimba nyimbo za kwaya, maji yanamwagika. Mjomba akawasha diski bila kuitazama, kama mtu anavyowasha redio.

Ilikuwa sehemu ya rada. Mjomba akasema akiwa amefumba macho, "Unajua ile minara ilikuwa na ubaya mmoja. Ilikuwa inatazama baharini tu. Ndege ikishavuka pwani ikaingia nchini, mnara hauioni tena, iko mgongoni kwake. Huko ndani wanabaki watu wenye macho."

"Sisi tunao wenye macho," nikasema.

"Tunao," akasema. "Wote wanatazama barabarani."

Nikataka kumjibu utani, na utani ulikuwa tayari mdomoni, mlango ukagongwa.

Siyo kugonga kwa jirani. Ngumi tatu. Halafu sauti ya kijana: "Kai men!" Fungua mlango.

Baadaye nilikuja kuelewa. Walikuwa wameingia kwa mlango wa nyuma wa kupakulia mizigo, nguo za kiraia, wakapanda lifti mpaka juu kabisa na kuanza kushuka ghorofa moja moja. Msusi hakuwaona. Mshkaji hakuwaona. Meza yangu ilikuwa safi kama sahani iliyorambwa.

Hakukuwa na muda wa mabale. Mjomba aliniangalia akaweka kidole mdomoni, maana yake hatupo. Akazima televisheni. Kisha akanyoosha mkono akaniziba mdomo kwa kiganja, kabisa, kwa nguvu. Alinijua. Katika nyumba ile mwenye mdomo ni mimi, ilikuwa lazima azibwe mimi. Bafuni maji yalikuwa bado yanamwagika, na mlango wa bafu umefungwa, na Dada hakusikia kitu.

Ngumi tena. Tukasikia wanaongea nje, watu watatu au wanne. Mmoja akasema meiyo ren, hakuna mtu. Nikasikia viatu vinageuka. Kweli kabisa, nilisikia soli zinageuka kwenye marumaru.

Bafuni Dada akafunga bomba.

Na nje, pale mlangoni, mzee akaimba, "Ho-di!"

Hata mimi neno lilinifika kwenye meno. Niliung'ata mkono wa Mjomba. Lakini kutoka nyuma, sauti ya mama wa watu, safi, yenye furaha ya mtu ambaye pasipoti yake inakuja kesho:

"Karibuu, shifu!"

Mjomba akaondoa mkono wake mdomoni mwangu polepole. Haukuwa na kazi tena.

Nilifungua mimi. Polisi alikuwa kijana wa miwani, jasho linamtoka, naye amechoka, nilimwona. Nyuma yake shifu ameshika daftari la wapangaji na rundo la funguo, anatazama sakafu. Dada akatoka, kitenge kiunoni, povu mpaka kwenye viwiko. Akawaona. Hakupiga kelele. Alijifuta mikono, akaingia chumbani, akaleta fotokopi ndani ya nailoni yake. Polisi akaisoma, kisha akaigeuza nyuma, kana kwamba pasipoti yenyewe imejificha upande wa pili. Akatingisha kichwa.

Nikatema Kichina chote nilichokuwa nacho. Wakala, kesho, saa nne, imeshatoka, huyu ni mama, mpe siku moja, bosi, rafiki, kaka mkubwa. Maneno ya Zhanxi yote, ya kuombea bei. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja tu ambalo kule sokoni nililisikia kila siku bila kuniumiza. Meiyo. Hakuna.

Dada alivaa viatu. Mlangoni akageuka.

"Baba, zima maharage."

Mjomba hakuyazima. Tulikaa wawili kwenye mabale mpaka harufu ya kuungua ikatuinua. Tuliyala hivyo hivyo, meusi, kwa sababu hatukuwa na nguvu ya kupika mengine. Nilijaribu kufanya utani, nikasema Dada akirudi atatupiga kwa sufuria lake, nikasikia sauti yangu mwenyewe nikaacha.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

Mjomba alitema punje iliyoungua. Halafu akasema, bila ile sauti ya kugawa nyama:

"Uganda ilipotuvamia nilikuwa na miaka ishirini. Walinipanga kwenye mzinga wa kupigia ndege, kando ya ziwa. Kazi yangu kupakia risasi. Tumekaa siku nyingi hatulali, kila mlio ni ndege. Siku moja zikaja kweli, zinatoka upande wa ziwa. Simu hatuna, hakuna wa kumuuliza, meza hakuna. Tukapiga. Moja ikawaka. Tulishangilia sana, tukarusha kofia. Mimi nilirusha ya kwangu ikaangukia majini. Jioni afisa akaja. Hakutugombeza. Alikaa chini kwenye udongo akavua kofia yake." Akasukuma sahani. "Ilikuwa ya kwetu."

Nikaivuta sahani yake nikaiweka juu ya yangu.

"Wale wasichana wenye fimbo," akasema, "watu wanadhani kazi yao ilikuwa kujua adui yuko wapi. Nusu ya kazi ilikuwa kujua watu wako wenyewe wako wapi. Ndiyo maana naitazama ile meza. Miaka thelathini sijaona kitu kizuri kama kile."

Kesho yake saa nne nilikwenda kuchukua pasipoti. Viza mpya ilikuwa ndani, inang'aa, wino hata haujakauka vizuri. Niliipeleka kituoni mbio, nimeiinua juu kama mtoto aliyefaulu. Waliichukua dirishani. Mtu mmoja alienda nayo ndani, akarudi, akasema imeshaandikwa, sheria inaangalia siku aliyokutwa, siyo leo. Waliniambia nilete begi lake.

Siku nilipopeleka begi waliniruhusu dakika chache. Dada alikuwa amekonda usoni, lakini nywele zimesukwa upya. Sikuuliza nani alimsuka mle ndani.

"Vile vyeupe vya wasimamizi," akasema, "vishushe kwa kago vyote. Vifungo nimemaliza. Kimoja tu hakina, cha saizi ndogo."

"Dada, nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Hodi."

Akanitazama kama mtu anayetafuta kosa kwenye kitambaa.

"Mdogo wangu, mtu amebisha hodi. Ningefanyaje?" Akavuta zipu ya begi, akaifungua, akaivuta tena. "Na maandazi yake nilikuwa nimemwekea. Yako kwenye kabati, kwenye bakuli la bluu. Alipewa?"

Sikumwambia kwamba sisi na shifu tulikuwa hatusalimiani tangu siku ile. Nikasema amepewa.

Alirudishwa wiki hiyo. Duka la Moshi alikuja kulifunga, baadaye nikasikia anauza mboga na anafanya vizuri, au watu wanasema hivyo ili nisijisikie vibaya. Mjomba aliondoka kabla mwaka haujaisha. Diski aliniachia.

Kuhusu shifu mpaka leo sijui. Nimeshapiga hesabu zote. Huenda aliwauzia polisi ujanja aliokuwa nao. Huenda alikuwa anatuonya, hodi kubwa ya kusikika mpaka bafuni, kimbieni. Huenda alitaka kuwathibitishia kwamba hatumo: mnaona, hawa watu wakiwemo lazima wajibu, nilifundishwa. Au alikuwa mzee aliyechoka, amesimama mbele ya mlango aliouzoea, akasema anachosema kila siku. Kwenye ile diski hakuna mahali wanapoeleza mtu kama huyo anasukumwa kwa fimbo gani.

Siku niliyotoka kumpelekea Dada begi niliingia jengoni nikiwa sioni vizuri. Nilibonyeza lifti. Yeye alikuwa kwenye kiti chake, chupa ya chai magotini. Nilikuwa nimepanga kumtukana, matusi ya Kichina nilikuwa nayo mengi, nimeyachagua njiani kutoka kituoni. Akainua macho. Akasema kwa sauti ndogo, bila kuimba:

"Hodi."

"Karibu," mdomo wangu ukajibu wenyewe, na lifti ikafunguka.